Waliniambia mishipa yangu ya miguu ni safi kabisa

Nimeshindwa kunyamaza. Ni kama miezi mitatu sasa, au minne, mvua zilikuwa hazijaanza. Daktari wangu wa sukari alinituma nikapime kama damu inafika vizuri miguuni, maana nikitembea kidogo tu kigimbi cha kulia kinabana mpaka nisimame. Nikaenda kliniki moja binafsi hapa Dar. Iko ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu. Wagonjwa wa miguu, jamani, wapandishwe ngazi!

Nimefika nahema. Kijana wa kipimo hakuniamkia. Mimi si mtu wa kudai shikamoo, lakini huyu ni sawa na mwanangu wa mwisho, na waya wa simu uko sikioni. "Mama, vua viatu, panda kitandani, fanya haraka." Hata pumzi hazijatulia ameshanifunga mkanda wa presha mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu. Baadaye nilikuja kuambiwa mtu hulazwa chali atulie dakika 5 hadi 10 ndipo apimwe. Karatasi ikatoka: mkono 132, mguu 198. Ukigawa ya mguu kwa ya mkono unapata 1.5.

Nikamuuliza, mwanangu, hii 1.5 ni nzuri? "Mama, tatizo ni ikishuka chini ya 0.9. Yako iko juu, mishipa safi kabisa. Kungekuwa na shida ningeshakuambia." Akagonga muhuri wa KAWAIDA, akaita namba inayofuata. Elfu sitini zangu zikaishia hapo.

Nilishuka zile ngazi na furaha, na furaha hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. Kiatu kiliponichubua kidole gumba sikushtuka, si nimeambiwa mishipa safi? Maumivu hata sikuyasikia vizuri, miguu yangu ina ganzi siku nyingi. Wiki zikapita, kidonda hakikauki.

Aliyeniokoa ni sista mmoja mtu mzima kwenye kliniki yangu ya kila mwezi. Alipiga magoti, akaweka vidole viwili juu ya unyayo akitafuta mapigo. Akanyamaza. Akahamia nyuma ya kifundo, ubavu wa ndani. Akanyamaza tena. Nikampa ile karatasi, akaiangalia, akasema, "Mama yangu, hii 1.5 nani alikusomea?"

Ndipo nikaelezwa. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi, chokaa hujikusanya kwenye ukuta wa mshipa, mshipa unakakamaa kama bomba la chuma. Mkanda wa presha unakamua, bomba halibonyei, mashine inaandika namba kubwa ya uongo. Ikivuka 1.4, mgonjwa wa sukari hapewi pongezi. Anapelekwa kupimwa presha ya kidole gumba, kwa sababu mishipa midogo ya huko mara nyingi haijakakamaa hivyo.

Nikapelekwa hospitali kubwa. Kidole gumba cha mguu wangu usio na kidonda kilisoma 62. Kwa mkono wa 132 hiyo haifiki hata 0.5, na inatakiwa angalau 0.7. Wakanipaka jeli, wakanisikilizisha mshipa kwa dopla, kile kifaa kinachotoa sauti ya damu ikipita. Mshipa mzima una mapigo yanayodunda, unayasikia. Wangu wa kulia ulikuwa unapuliza tu, kama upepo kwenye mwanya wa dirisha. Nililia pale pale kitandani.

Nilitaka kuandika kwamba kipimo cha mkanda ni bure, msipoteze hela. Hapana, ningekionea. Mashine ilitoa 1.5, na hiyo 1.5 ilikuwa inapiga kelele, ila aliyekaa mbele yake hakufundishwa kusikia, au alifundishwa na waya ukamziba sikio. Ningekuwa nimegawa nyota, mashine ningeipa nne. Kijana hana hata moja.

Sasa natumia dawa za lehemu na aspirini, na kidonda kinaanza kufunga.

Mdogo wangu naye ana sukari, mwaka wa 12 huu. Juzi kaniuliza aende wapi, mfuko wake mdogo. Nikamwambia aende kule kule, ni karibu kwake, ila apande ngazi taratibu na agome kupimwa kabla hajapumzika. Usiku sikulala. Asubuhi nikampigia: usiende. Nitakuchukua mwenyewe, twende kwa sista.