Kadi Yako ya Grafiki Imechoka Kweli, au Unaisingizia?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo sifungui boksi jipya. Hapa mezani nina kadi mbili za Nvidia za kizazi kimoja, RTX 3060 na RTX 3070, na nataka zitusaidie kujibu swali linaloibuka kila kadi mpya zikitangazwa: nibadilishe sasa au nisubiri kwanza?

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnibane vizuri. Kadi kuwa ya polepole peke yake hakunishawishi kutoa pesa. Kinachonishawishi ni kadi ambayo kumbukumbu yake imejaa, au kadi ambayo magemu mapya yameanza kuikataa mlangoni. Upolepole una dawa nyingi. Haya mawili dawa zake ni chache.

Ila kwanza tuhakikishe mkosaji ni kadi, maana hii kadi husingiziwa sana. Tazama pale kona ya juu kushoto. Nimewasha MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, programu za bure kabisa za kuonyesha vipimo kwenye skrini, na mstari wa kwanza ni GPU, yaani kadi yenyewe. Unaona inavyocheza kwenye asilimia 97, 98, 99? Hapo kadi inajituma hadi mwisho. Ukitaka fremu zaidi, yaani picha nyingi zaidi kila sekunde, ama upunguze mipangilio ama ununue nyingine. Sasa nahamia gemu la kujenga miji, na mji wangu umeshakuwa mkubwa. Ona: GPU imeshuka hadi sitini na kitu, na bado gemu linakwamakwama. Kadi imekaa inasubiri kazi, anayeelemewa ni prosesa. Mtu akitoka hapa akaenda kununua RTX 5090, atarudi kukwama palepale.

Na usidanganyike ukiona prosesa yenyewe inasoma asilimia 40. Ile ni wastani wa koa zote, yaani vitengo vya kuchakata vilivyo ndani yake. Magemu mengi huegemea koa chache, na hizo chache zikifika mwisho, nyingine kupumzika hakukusaidii kitu. Kipimo ninachokiamini ni hiki: zima VSync, ile inayofungamanisha fremu na kasi ya monita, na kikomo chochote cha fremu, kisha shusha resolusheni, yaani idadi ya pikseli za picha, hadi 720p. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo iliyokuwa inabana. Zikibaki zilezile, iache kadi ya watu ipumzike.

Kuna na vituko vingine vinavyojifanya ni udhaifu wa kadi, nitavipitia harakaharaka. Monita ya Hz 144, yaani inayoweza kubadili picha mara 144 kwa sekunde, ambayo Windows imeiacha kwenye 60. Kebo ya monita iliyochomekwa kwenye ubao mama badala ya kwenye kadi, na usicheke, hili lipo sana. RAM, kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, kipande kimoja mahali pa viwili. Vumbi kwenye feni: joto likipanda kupita kiasi kadi inajipunguzia kasi yenyewe, na brashi inaweza kukurudishia kile ulichotaka kwenda kukinunua.

Haya, turudi mezani. RTX 3070 ina koa 5,888, RTX 3060 ina 3,584. Kwa nguvu hakuna ubishi, 3070 ni kubwa. Ila 3070 ina kumbukumbu ya GB 8, na 3060, mdogo wake, ina GB 12. Hapo ndipo utamu ulipo.

Nimefungua gemu jipya, nikaweka teksicha juu kabisa. Teksicha ni zile picha zinazovalishwa kwenye kuta, nguo, mawe, kila kitu. Upande wa kulia ni 3060. Angalia lile tangazo ukutani: maandishi yanasomeka, hata mikunjo ya karatasi unaiona. Upande wa kushoto ni 3070, kadi yenye nguvu zaidi. Nageuka ghafla... umeona? Imeganda kidogo, halafu tangazo limekuja likiwa limefifia kama lililolowa maji, maandishi yanajitokeza baadaye. Nguvu bado ipo. Ila GB 8 zimejaa, na kilichozidi kimehamishiwa kwenye RAM ya kompyuta. Kila kadi inapokihitaji inabidi kipite kwenye njia ya PCIe, inayounganisha kadi na ubao mama, na njia hiyo ni ya polepole mno ukilinganisha na kumbukumbu ya kadi yenyewe.

Kinachoudhi ni kwamba ukitazama wastani wa fremu, 3070 bado inaonekana inashinda. Wastani unaficha migando. Angalia mstari wa chini yake, ule wa asilimia 1 ya fremu mbovu zaidi. Ukiuona uko mbali sana na wastani, na kipimo cha kumbukumbu kimegota juu, umepata ugonjwa. Sasa nashusha teksicha ngazi moja tu. Nageuka tena. Safi. Na kusema kweli, ukiwa unakimbia unapigwa risasi, tofauti ya ngazi hiyo moja huioni. Kwa hiyo mwenye 3070 bado hana haja ya kuhangaika. Ukifika mahali teksicha ziko chini kabisa, nyuso za watu zinafanana na udongo wa mfinyanzi, na bado inaganda, hapo nakubali kadi imejaa.

Upolepole wa kawaida ni suala jingine. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu inapewa milisekunde 16.7. Kadi isipoimaliza kwa wakati, unaipunguzia mzigo. Shusha vivuli, shusha miakisi, kisha washa teknolojia ya kukuza picha: DLSS kama una RTX, au FSR kama kadi yako ni ya AMD au ya zamani. Kwenye monita ya 1440p, hali ya Quality inachora picha kwa 960p kisha inaikuza. Mimi naitumia hata pale nisipoilazimika. Ninachokionea mashaka ni fremu za kubuniwa katikati ya fremu halisi. Zinapendeza kama tayari unazo fremu 60 hivi za kweli. Ukianzia 25, namba itapanda vizuri kwenye skrini, lakini kipanya kitaendelea kuwa kizito mkononi.

Kukataliwa mlangoni nako kumeshaanza. Indiana Jones and the Great Circle lililotoka Desemba 2024, na Doom: The Dark Ages la Mei 2025, yote yanadai kadi yenye vifaa vya rei tresingi ndani yake, yaani vya kukokotoa njia za mwanga. GTX 1080 Ti, kadi ya 2017 yenye GB 11 ambayo naiheshimu hadi leo, haimo kwenye orodha. Hapo usihangaike na mipangilio. Isitoshe, Nvidia walitangaza kwamba Oktoba 2025 ndiyo mwisho wa draiva mpya za magemu, yaani programu za kuendesha kadi, kwa kizazi hicho, zibaki za usalama tu hadi Oktoba 2028. Kama unacheza magemu yako ya zamani, hilo halikuhusu, endelea kula raha. Ila kama unasubiri magemu ya mwakani, jibu unalo.

Sasa tuseme umepima na umeridhika kwamba unabadilisha. Usiruke hatua fupi. Kutoka 3060 kwenda 4060 ni kuhama chumba ndani ya nyumba ileile: kasi inaongezeka kiasi, umeme unapungua kutoka wati 170 hadi 115, lakini kumbukumbu inashuka kutoka GB 12 hadi 8. Mimi singelipia. Natafuta angalau nusu ya kasi juu ya niliyonayo, na kumbukumbu isiyopungua.

Na soma boksi mpaka mwisho. RTX 5060 Ti iko ya GB 8 na ya GB 16, jina moja. RX 9060 XT ya AMD vilevile. Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo wauzaji hawalitaji: 5060 Ti inatumia njia 8 tu za PCIe, wakati 9060 XT inatumia 16. Kwenye ubao mpya hutasikia lolote. Kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0, 5060 Ti ya GB 8 ikijaa, ule mgando tuliouona unazidi, kwa sababu njia za kwenda kwenye RAM ni chache na pia ni za kizazi cha polepole.

Kama una mpango wa monita mpya, anza na monita. Kutoka 1080p kwenda 4K ni kutoka pikseli milioni 2 na kidogo hadi milioni 8.3, mara 4 kamili. Kadi uliyokuwa unaiona nzima itageuka mgonjwa siku hiyohiyo. Na pima nafasi ndani ya keisi kwa rula, pamoja na pawa saplai: ubao unatoa wati 75, plagi ya pini 8 inatoa 150. Pawa saplai isiyo na jina, mimi siifungi na kadi ya wati 300.

Kwa hizi mbili zilizo mezani: mwenye 3060 anayecheza 1080p, kaa nayo. Mwenye 3070 kwenye 1440p, shusha teksicha, weka akiba, na ukinunua usikubali chini ya GB 16. Mwenye GTX 1080 Ti anayetaka magemu mapya, nenda dukani. Video ijayo naichukua RX 9060 XT ya GB 16, naifunga kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0, tuone inapoteza kiasi gani.