Nairobi hadi New York bila kushuka njiani: uzoefu wangu na mama

Kama unampeleka mzazi wako Marekani na mfuko unaruhusu, mlipie ndege ya moja kwa moja. Nimesafiri na mama yangu, mwenye miaka sabini na ushei na magoti yanayomsumbua, kutoka Nairobi hadi New York kwa Kenya Airways. Shirika hilo lilianza safari hii Oktoba 2018.

Ukitafuta umbali mtandaoni utaona takribani kilomita 11,800. Gawa kwa mwendo wa ndege, kilomita 900 hivi kwa saa, unapata saa 13. Usiwape hesabu hiyo wanaokuja kuwapokea. Kwenda ni kama saa 15, maana pepo za juu huvuma kutoka magharibi na ndege inakwenda ikipambana nazo. Wakati wa kurudi zinaisukuma, na safari inapungua kwa saa moja hivi au zaidi.

Sasa linganisha. Kupitia Amsterdam ni kama kilomita 12,500, ziada ambayo haifiki hata saa moja angani. Kupitia Doha ndiko kuzunguka hasa, zaidi ya 14,000. Lakini mzee hachoshwi na kilomita. Anachoshwa na kushuka, kukaguliwa upya, kutafuta lango na kusubiri usiku kwenye viti vya chuma. Safari yake ya awali alikwenda peke yake, na kwenye uwanja wa kubadilishia ndege kiti cha magurudumu tulichokiomba mapema hakikuletwa. Mama hajui Kiingereza. Alitembea mwendo mrefu na magoti yale, akiwaonyesha watu tiketi yake, na alifika miguu imevimba. Bado naumia nikikumbuka.

Safari hii alipanda Nairobi, akashuka New York, basi. Ndege huondoka usiku, jambo linalofaa kwa sababu Nairobi iko juu, hewa yake ni nyepesi, na ubaridi wa usiku huisaidia ndege iliyojaa mafuta kuruka. Ndani ya Dreamliner, ndege ya Boeing 787 tuliyopanda, hewa hushindiliwa kama uko mita 1,800 juu ya bahari, wakati uwanja wa Nairobi wenyewe uko mita 1,600 na kitu. Mwili hauoni tofauti kubwa, na koo halikauki sana kama kwenye ndege za zamani. Mama alisali Isha, akala, akalala. Ndege inakimbia upande jua linakokwenda, kwa hiyo usiku hurefuka. Aliniuliza mara kadhaa kama Alfajiri bado.

Saa 15 za kukaa si mchezo, hata hivyo. Mkatie kiti cha kandokando ya njia, karibu na choo, umwinue atembee kila baada ya saa mbili, na kuhusu soksi za kubana muulize daktari kabla. Tiketi mara nyingi ni ghali kuliko za kuunganisha, na ratiba hubadilika, kwa hiyo angalia siku mapema.

Mkitoka Mombasa kama sisi, laleni Nairobi usiku mmoja kwanza. New York iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi na 7 wakati wa joto, na mama alihitaji karibu wiki kuzoea. Msimpangie wageni siku za mwanzo.