Celica ya Tangi Bovu, baada ya miezi 14

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asisumbuke: ukinunua gari la zamani la turbo hapa Dar, nunua bodi. Injini utahangaika nayo lakini mwisho itapatikana. Mimi nilifanya kinyume. Nilisikiliza injini nikasahau bati, na kwa miezi minne ya kwanza ukinyanyua zulia la upande wa dereva ulikuwa unaiona ardhi.

Gari lenyewe ni Toyota Celica GT-Four ya 1990, ile ya toleo la ST185, ya gia za mkono, namba A (usajili wa zamani). Lilikuwa nyuma ya geti moja pale Tangi Bovu, Mbezi Beach, chini ya mwembe, pua nyekundu inachungulia. Miaka mingi nimelipita nikiwa kwenye daladala, baadaye kwenye Vitz yangu, na kila mara shingo inageuka yenyewe. Kosa ni la baba. Tulikulia Tanga, KBC, redio ya Kenya, ilikuwa inashika vizuri, na Pasaka kwetu ilikuwa Safari Rally redioni. Mwaka 1993 Celica za aina hii zilishika nafasi ya kwanza hadi ya nne, dereva Mfini Juha Kankkunen akiwa mbele, na mwaka uliofuata Ian Duncan wa hapo hapo Kenya akalichukua taji. Baba alikuwa anatamka "Kankuneni" kama jina la mjomba wake.

Nikabisha hodi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, karibu. Nikamweleza shida yangu, akacheka mpaka akakaa. "Lile? Mwanangu, lile mbona ni banda la kuku." Na kweli, kiti cha nyuma kulikuwa na mayai matatu.

Dalali alikuwa ameshatokea, sijui nani alimwita. "Dada, hii gari haina shida, ni betri tu." Mnaoishi mji huu mnaijua hiyo "ni betri tu". Tukamalizana kwa milioni nne na nusu, gari la kulivuta (bredauni) laki moja na nusu. Karatasi ndizo zilizonichosha: kadi ya gari ilikuwa na jina la marehemu mwenye gari, mirathi haijafunguliwa, kwa hiyo hakuna wa kusaini uhamisho mpaka mahakama imtambue msimamizi. Miezi mitano hiyo. Ukikuta gari la marehemu, ulizia mirathi kabla hujaulizia turbo.

Jambo moja nililifanya sawasawa: nililala chini nikatazama. Kuna Celica nyingi za umbo hili zisizo na turbo wala kuvuta magurudumu manne, na tundu la hewa kwenye boneti mtu anaweza kulibandika. Propela shafti na difu ya nyuma, zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, hazibandikwi. Namba ya chasisi nayo ilianza na ST185. Nikaridhika, nikasimama, nikajipangusa. Hapo ndipo nilipopaswa kutoa sumaku.

Sumaku ndogo tu, ya mlango wa friji, izungushie kitambaa usichubue rangi, kisha ipitishe kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango. Kwenye bati inashika. Kwenye puti, ule udongo wa kuzibia matundu kabla ya rangi, inateleza na kudondoka. Yangu, nilipoijaribu nikiwa nimeshalipa, ilidondoka mara saba upande wa kushoto peke yake. Fundi bodi alichukua bisibisi akabonyeza kidogo, ikaingia hadi mpini. Akanitazama kwa huruma. "Mama, hapa rangi ndiyo imeshika gari." Mbezi Beach upepo una chumvi, na majani ya mwembe yalikuwa yameziba mifereji ya maji chini ya kioo cha mbele, kwa hiyo kila mvua ilikuwa inaingia sakafuni na kulala humo. Kukata, kuchomelea bati jipya na kupaka rangi ya chini kumekula pesa nyingi kuliko vingine vyote.

Tangi la mafuta nalo lilikuwa bovu, ndiyo, la Tangi Bovu, nimeshataniwa inatosha. Petroli iliyotoka ilikuwa rangi ya chai ya rangi, inanuka vanishi. Usije ukawasha gari lililolala miaka na mafuta yale yale. Sisi tulitoa plagi, tukadondoshea oili kidogo kwenye kila silinda, tukaliacha lilale, kesho yake tukazungusha kranki taratibu kwa spana. Ikazunguka. Fundi akasema alhamdulillahi kabla yangu.

Injini ni 3S-GTE, lita mbili, na hapa Dar tuna bahati nusu. Ndugu yake 3S-FE amejaa kwenye Noah, Caldina na RAV4 za zamani, kwa hiyo fundi yeyote hatishiki akiifungua. Lakini undugu una mipaka. Kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani nilipewa mkanda wa taimingi wa Noah kwa kiapo kwamba ndio huo huo. Sio: Noah mkanda unazungusha kemu (shafti inayofungua vali) moja na nyingine inavutwa kwa gia, hii mkanda unazungusha kemu zote mbili. Mkanda sahihi uliagizwa, wiki sita.

Turbo yenyewe, CT26, ilinishangaza kwa uzima wake. Fundi wa turbo za malori aliishika shafti kwa ncha za vidole viwili, akaisukuma juu na chini, halafu mbele na nyuma, macho kayafumba. Kisha akawasha tochi akanionyesha ufa mwembamba kama unywele kati ya matundu ya moshi. Ugonjwa wa kawaida wa turbo hizi. Tukabadilisha bushi na sili, ufa tukauacha.

Barabarani? Chini ya mizunguko 3,000 ni Corolla iliyoshiba. Ukipita hapo kuna mluzi, halafu mgongo unabanwa kwenye kiti. Farasi 225 walizoandika Wajapani sidhani kama wote wamefufuka, ila waliopo wanatosha. Foleni ya Mwenge saa nane mchana ni habari nyingine: intakula, kile kipoza hewa ya turbo, imekaa juu ya injini, inapokea joto lote, na gari linakuwa zito kama limekasirika. Mimi natoka nalo alfajiri, Tegeta hadi Bunju, kabla trafiki wa tochi za kupima spidi hawajajipanga.

Mpaka sasa limekula milioni 13 na laki nane pamoja na bei ya kununulia. Mume wangu anajua nusu. Ningelinunua tena, lakini ningeanza na sumaku na kushusha milioni mbili.

Kilichobaki ni taa. Zile zinazofumbuka: ya kulia inapanda, ya kushoto inakonyeza tu na kurudi. Mota ina kifundo cha kuzungusha kwa mkono, kwa hiyo magharibi ikinikuta njiani nasimama, nafungua boneti, nazungusha, watoto wa mtaa wanahesabu kwa sauti. Huwa wanafika 22.