Nimekaa na LDAC miezi minne: 660 inanitosha, 990 naitumia kitandani tu

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi ndo mnachotafuta. Kama una simu ya Android na hedfoni zako zinakubali LDAC, ile kodeki ya Sony, yaani namna ya kuufinya muziki upite kwa Bluetooth, iwashe, ichague ile kasi ya kati ya kilobiti 660 kwa sekunde, afu sikiliza muziki wako kwa amani. Tofauti na SBC, kodeki ya kawaida ya Bluetooth, ipo na inasikika, tofauti kati ya 660 na 990 mimi sijaisikia, ila kukatakata kwa 990 nimekusikia sana tu. Hedfoni zangu ni zile kubwa za kufunika sikio lote, zina kuzuia kelele, zina apu yake, na jina siliweki kwa sababu karibu kila nitakachosema hapa kinahusu hedfoni nyingi za aina hii.

Sasa jamani, kitu kilichonifanya niandike ni hiki. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa nasikiliza SBC bila kujua. Boksi limeandikwa LDAC, simu inakubali LDAC, mimi nimekaa naamini nasikiliza LDAC na nilishawaambia watu wawili watatu kwamba hii kitu haina maajabu. Siku moja nikaweka wimbo ninaoujua tangu utotoni, kuna mahali mpiga ngoma anagonga toazi moja na kuliacha lilie lenyewe mpaka linyamaze, kwenye waya lile toazi linasikika kama chuma kweli, unasikia linavyotetemeka na kupungua taratibu. Kwenye hedfoni mpya lilikuwa linatoa "shhh" kama maji ya bomba, halitetemeki, halipungui, linakatika tu. Nikarudia mara tano sita. Ndo nikaingia kwenye setingi kuangalia simu inatumia kodeki gani, nakuta SBC.

Sababu? Nilikuwa nimewasha ile ya kuunganisha vifaa viwili kwa wakati mmoja, simu na laptopu, na hedfoni nyingi ukiwasha hiyo LDAC inazimika kimyakimya. Apu haikuniambia kitu. Nikaizima, nikazima hedfoni nikawasha tena, LDAC ikatokea, na lile toazi likarudi kuwa chuma. Kwa hiyo kabla hujasema hedfoni mbaya au nzuri, angalia kwanza simu imekubaliana nazo nini.

Kuangalia ni hivi: nenda kwenye Kuhusu simu, tafuta Nambari ya muundo, iguse mara 7, simu itakwambia umekuwa msanidi programu. Rudi kwenye setingi utakuta menyu mpya ya wasanidi, shuka mpaka sehemu ya Bluetooth, pale utaona kodeki ya sauti inayotumika muda huo. Hedfoni ziwe zimeunganishwa na muziki unacheza, la sivyo unachokiona kinaweza kukudanganya. Menyu hiyo ina mambo mengi, mengine usiyaguse kama huyajui, wewe cheza na ya Bluetooth tu.

Kwa ambao hawajawahi kufuatilia, kodeki ni namna simu inavyoufinya muziki ili upite hewani, afu hedfoni zinaufungua upande wa pili. Lazima pande zote mbili ziijue kodeki hiyo hiyo, wakishindwana wanarudi kwenye SBC maana SBC ni lazima iwepo kwenye kila kifaa cha muziki wa Bluetooth. Sauti ya CD bila kufinywa ni kilobiti 1411 kwa sekunde. SBC ikipewa nafasi nzuri inafika kama 328. aptX ya kawaida, kodeki nyingine, iko 352, aptX HD 576. LDAC, ambayo ni ya Sony na ilitoka 2015, ina ngazi tatu, 330, 660 na 990, na ukiwa kwenye kilohezi 44.1 (yaani sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde) namba hizo zinashuka kidogo kuwa 303, 606 na 909. Wakaiingiza kwenye Android 8 mwaka 2017 ndo maana leo simu nyingi za Android zinayo, hata zile ambazo hazina uhusiano wowote na Sony. Na hata hiyo 990 bado ni muziki uliofinywa, mtu asikwambie ni sawasawa na waya.

Haya, sauti yenyewe ikoje. Nilimwomba mdogo wangu ashike simu abadilishe kodeki bila kuniambia, mimi nimefumba macho. Jambo moja muhimu hapa, hakikisha sauti iko juu kiasi kile kile, maana sikio lolote likisikia kitu kimepanda kidogo linadhani ndo bora. Tukatumia nyimbo mbili. Ya kwanza ni gitaa moja na mtu anaimba karibu na maiki, hakuna kingine. Hapo SBC na LDAC nilizitofautisha mara nyingi, na nilikuwa siangalii besi wala nguvu, nilikuwa nasikiliza vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi mpiga gitaa anapohama, ule mkwaruzo mdogo kabla ya noti, na ile pumzi anayovuta muimbaji kabla hajaanza mstari. Kwenye SBC pumzi ipo ila ni kama imepakwa rangi moja na kelele za chumba. Kwenye LDAC pumzi inakuwa ya mtu, unajua kafungua mdomo. Wimbo wa pili ni wa dansi, besi nzito, ngoma za kompyuta, kila kitu kimepandishwa mpaka juu, na hapo sikutofautisha chochote, nilikuwa nabahatisha. Kwa hiyo kama muziki wako ni wa aina hiyo muda wote usijitese na kodeki.

660 dhidi ya 990 nilibahatisha kwenye nyimbo zote mbili. Kabisa. Nikarudia siku nyingine usiku pametulia, vilevile.

Afu 990 ina tabu zake. Bluetooth inatumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo waifai nyingi zinatumia, maikrowevu inamwaga kelele zake humohumo, na mwili wa binadamu una maji mengi ambayo yanayameza hayo mawimbi. Ukiwa umekaa simu iko mezani mbele yako, safi. Weka simu mfuko wa nyuma wa suruali, geuka kutembea, muziki unaanza kukatika, tk, tk, unarudi, unakatika, hasa sehemu yenye watu wengi kila mtu ana hedfoni zake. Niliwahi kuvuka stendi muziki ukakatika mpaka nikavua hedfoni nikidhani zimekufa. Kuhamisha simu kwenda mfuko wa kifuani kulisaidia sana. Kushusha mpaka 660 kukamaliza tatizo karibu lote. Ipo pia ile ya kujirekebisha yenyewe, inapanda na kushuka kulingana na hali ya hewani, ni nzuri kwa asiyetaka kuhangaika, ila hujui muda huu uko ngazi gani na inaweza kushuka hadi 330, na LDAC ya 330 mimi siioni kama ina faida yoyote ya maana juu ya SBC nzuri.

Kero yangu nyingine ni kwamba simu yangu kila nikiunganisha hedfoni upya inasahau nilichochagua, inarudi kwenye hiyo ya kujirekebisha. Kwa hiyo kila asubuhi naingia menyu nachagua 660 tena. Sekunde kumi tu lakini kila siku jamani, kwa miezi minne. Kama kuna kitu ningeomba watengenezaji wa simu wakirekebishe ni hiki, chaguo la mtu likae.

Na usipandishe kilohezi hadi 96 kwa sababu tu umeona inakubali. Faili la 44.1 ukilipeleka 96 halipati chochote kipya, simu inajaza tu nafasi katikati.

Kitu ambacho watu wanakiruka ni muziki unatoka wapi. Nina rafiki alinunua hedfoni nzuri, kaweka LDAC, kaweka 990, analalamika sauti imekaa kama redio, nikachukua simu yake nikafungua apu ya muziki, ubora umewekwa wa chini kabisa ili kuokoa bando. Hapo kodeki itafanya nini? Maji yameshakuwa matope mtoni. Kwenye Spotify ule ubora wa kawaida ni kilobiti 96, wa juu sana ni 320, na kuanzia Septemba 2025 wakaanza kutoa na muziki usiopunguzwa kwa wanaolipia. Apple Music wanao tangu Juni 2021, na kwenye Android upo pia, Tidal nao wanao. Mimi nashusha albamu nikiwa kwenye waifai kwa ubora wa juu, nikitoka nje nasikiliza nilivyoshusha. Na kwenye apu nyingi ubora wa kustrimu na ubora wa kushusha ni setingi mbili tofauti, angalia zote mbili.

Wenye iPhone, nyie LDAC hamna, aptX hamna, mna SBC na AAC basi. Msisikitike lakini, AAC kwenye iPhone imetengenezwa vizuri na mtu akinipa kati ya hiyo na LDAC ya kujirekebisha iliyoshuka chini nachukua AAC ya iPhone bila kufikiria. Ila AAC hiyo hiyo kwenye Android inategemea simu na simu, nyingine nzuri nyingine imefifia huko juu kwenye matoazi. Na mwenye iPhone asinunue hedfoni kwa sababu tu boksi limeandikwa LDAC, hatoitumia. Ule muziki usiopunguzwa wa Apple pia kwa Bluetooth ya simu haupiti mzima, Apple wenyewe wanasema hivyo, unahitaji waya.

Simu ikipigwa, sahau yote haya. Maiki ya hedfoni ikiwashwa tu Bluetooth inahamia njia ya mazungumzo, sauti inakuwa moja ile ile masikio yote mawili na masafa yanabanwa, ndo maana ukiingia kikao cha mtandaoni huku muziki unacheza unasikia umegeuka kuwa wa kwenye debe. Hedfoni hazijaharibika. Ukiweza tumia maiki ya simu au ya laptopu, hedfoni zibaki kusikiliza. Hii mpya ya LE Audio, aina mpya ya sauti ya Bluetooth yenye kodeki ya LC3, imekuja kusaidia hapo, ila lazima simu na hedfoni zote ziwe nayo. Na gemu, LDAC inachelewa, unaona bunduki imepigwa afu ndo mlio unakuja, video haina shida sana maana apu za video zinasubirishana na sauti.

Sasa nimalizie na kitu ambacho kimenishangaza kuliko kodeki zote. Miwani. Mimi navaa miwani, na ule mkono wa miwani unapita chini ya mto wa hedfoni unaacha kamwanya kadogo juu ya sikio. Siku moja nilivua miwani kusafisha huku muziki unacheza, besi ikajaa ghafla kama mtu kafunga mlango, gitaa la besi ambalo nilikuwa nalisikia kwa mbali likaja likakaa katikati. Hiyo tofauti ilikuwa kubwa kuliko SBC kwenda LDAC, kubwa kuliko kitu chochote nilichogusa kwenye menyu. Kwa wenye zile ndogo za kuingiza sikioni ni vilevile, zinakuja na raba za saizi tofauti, watu wanaacha zilizokuwa zimevalishwa tayari na hawajaribu nyingine. Jaribu zote, sikio la kulia na la kushoto yanaweza kutaka saizi tofauti. Mimi nimebadilisha miwani nikachukua yenye mikono myembamba, na kwenye ikwalaiza ya apu nimepandisha besi kidogo sana kufidia kilichobaki.

Kwa hiyo kwangu LDAC naipa nne kwa tano, hiyo moja nimeikata kwa ile kusahau chaguo na kuzimika kimyakimya ukiunganisha vifaa viwili. Mchana nipo 660, simu mfuko wa kifuani. Usiku nikiwa kitandani, simu iko juu ya mto na waifai nimezima, naipandisha 990 kwa ajili ya ule wimbo wa gitaa moja, miwani iko mezani, nasubiri ile pumzi kabla ya mstari wa kwanza.