Diski za Mind Your Language: Ali ni yuleyule, aliyebadilika ni mimi

Kazi yangu ni kufundisha wageni Kiswahili hapa Mombasa. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Kijerumani, alinieleza kwa fahari kwamba yeye huoa kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Alikusudia kuoga. Nikajibana nisicheke, na papo hapo ikanijia sura ya Barry Evans, yule aliyekuwa mwalimu Jeremy Brown katika kipindi cha vichekesho cha Mind Your Language, anavyovuta pumzi kabla ya kusahihisha kosa. Jioni ile nikaanza kutafuta diski.

Nilipata seti ya misimu mitatu ya mwanzo, vipindi 29 vilivyoonyeshwa kwenye televisheni ya ITV, Uingereza, kati ya 1977 na 1979. Sisi tuliolelewa Kenya tunakijua kipindi hiki tangu utotoni. Kwa asiyekijua: Bwana Brown anapewa darasa la jioni la kufundisha Kiingereza watu wazima waliohamia London, na siku ya kwanza tu anaambiwa kwamba mwalimu aliyemtangulia alirukwa na akili. Basi. Hakuna kisa zaidi ya hicho, wala hakihitajiki.

Utotoni kipenzi changu alikuwa Ali Nadim, Mpakistani wa Lahore, aliyeigizwa na Dino Shafeek. Ali akitaka kuomba radhi kwa Kiingereza, ulimi unateleza na badala yake anaomba abanwe. Tulikuwa tukiigiza hilo nyumbani mpaka Mama akachoka. Nikimtazama sasa naona kitu ambacho utoto haukuniruhusu kukiona: Ali hajui kwamba amekosea, na ndiyo maana hana haya. Anajibu upesi, anatabasamu, anaketi. Mwanafunzi wa namna hii ndiye anayejifunza lugha. Wangu wanaonyamaza wakitunga sentensi sahihi kichwani wanamaliza muhula hawajui hata kupunguza bei ya maembe sokoni.

Vituko vyake vitamu ni vile vya yeye na Ranjeet Singh, Kalasinga anayeomba samahani elfu moja kwa kila jambo. Mmoja Mwislamu, mwengine Singasinga, na cheche za kwao wamekuja nazo hadi darasani. Wanagombana kama mawifi, lakini likitokea la kumtetea Bwana Brown wako upande mmoja. Albert Moses aliyemwigiza Ranjeet alizaliwa Sri Lanka. Shafeek mwenyewe alizaliwa Dhaka. Ukichunguza, wengi darasani wako hivyo: Max Mgiriki ni Kevork Malikyan, Muarmenia mzaliwa wa Uturuki, na Juan Mhispania ni Ricardo Montez wa Gibraltar. Walijua wenyewe maana ya kuonwa mgeni, nami nadhani ndiyo sababu wengine wao hawakuishia kuwa vikaragosi.

Wengine, nasema. Taro, Mjapani, na Chung Su-Lee, Mchina, wameandikwa kivivu. Taro anaongeza "o" mwisho wa neno, Su-Lee anachanganya r na l na kunukuu maneno ya Mao, kipindi baada ya kipindi. Msimu wa tatu unapofika unajua watakachosema kabla hawajafungua kinywa. Danielle, binti wa Kifaransa, kazi yake kubwa ni kuwatoa wanaume macho. Michael Grade, mmoja wa wakubwa wa televisheni iliyokitengeneza, alipokisimamisha kipindi mwaka 1979 kwa kuona kinakejeli watu wa mataifa mengine, hakuwa akiota. Mimi nacheka, lakini si kila mahali, na kuna vicheko vingine nikivitoa natazama pembeni kama kuna aliyeniona.

Sasa Jamila. Zamani hata sikumtilia maanani, mama wa Kihindi aliyeketi na sindano zake za kufumia. Anaingia darasani Kiingereza hakijui kabisa, na anaokota maneno mawili matatu kwa wiki. Jamila Massey anaigiza kwa macho. Mzaha ukipigwa yeye huwa nyuma kidogo, anatazama nyuso za wenzake ajue kama acheke. Nina mama mmoja darasani kwangu aliye hivyo hivyo, na tangu nimwone Jamila nimejifunza kungoja.

Kuna na Sidney, mtunza majengo. Huyu ni mtoto wa London hasa, lakini Kiingereza chake cha mafumbo ya vina ya mitaani hakimo katika kitabu chochote cha Bwana Brown. Wanafunzi wanahangaika na sarufi, kumbe mwenye lugha anaongea kitu kingine kabisa. Kila ninapomtuma mwanafunzi soko la Kongowea akarudi akilalamika kwamba hakuelewa neno, namkumbuka Sidney.

Miss Courtenay, mkuu wa shule asiyetaka walimu wa kiume, anachekesha kwa kufungua mlango tu, maana hufungua wakati ambapo Bwana Brown yuko katika hali isiyoelezeka.

Kuhusu diski zenyewe: picha imefifia, na vicheko vya watazamaji vimerekodiwa juu kuliko mazungumzo, kwa hiyo nilishika rimoti muda wote. Maandishi chini ya picha hakuna. Duka liliniuzia boksi lenye ufa na diski moja ikawa inakwama. Waliibadilisha baada ya kupiga simu mara tatu. Msimu wa nne, kipindi kilipofufuliwa mwaka 1986, sina habari nao. Shafeek alifariki 1984, na darasa bila Ali ni chai bila tangawizi. Pesa yako iweke kwenye mitatu ya mwanzo, na tazama kwa kipimo, vipindi viwili kwa usiku. Ukizidisha lafudhi zinakukinaisha.

Juzi nilileta kompyuta darasani, tukatazama kipindi cha kwanza pamoja. Yule kijana wa Kijerumani alishika mbavu, machozi yakamtoka, kisha akanigeukia: "Mwalimu, nimechoka sana!"

Sikumsahihisha.