Uzoefu wangu na detekta ya kutafuta sarafu mchangani (miezi minne, watoto watatu, Sh481)

Jamani nianze na ukweli, mashine hii si mimi nliyeitaka. Baba Salma aliona video usiku wa manane, mzungu apita ufukweni na fimbo yake, yalia, ainama, aokota pesa, basi mwenzangu usingizi ukamruka. Asubuhi chai haijapoa ashaniambia kuna detekta mtu anauza mtandaoni, elfu kumi na mbili na mia tano. Nikamwambia hiyo si ndo ya karo ya Salma? Akanijibu ati itajilipa yenyewe.

Haijajilipa. Mimi ndiye mshika daftari wa nyumba hii na hesabu ya miezi minne naiweka hapa hapa mwanzo, mtu asije akasoma mpaka chini akidhani kuna hazina: shilingi mojamoja 31, za tano 14, za kumi 12, za ishirini 11, na ile arobaini ya Kibaki moja, ile ya 2003 ilotolewa Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Jumla Sh481. Vizibo vya soda tuliacha kuhesabu tulipofika mia tatu. Betri peke yake zishakula zaidi ya hiyo, inatumia mbili za volti 9 zile za mraba na ukinunua za bei rahisi hazikupeleki Jumapili mbili. Lakini mashine siiuzi, na yeye akijaribu kuiuza tutakosana, sasa hebu niwaeleze.

Ilikuja na boda kwenye boksi limebonyea. Ndani mna fimbo ya vipande vitatu, sahani nyeusi ya chini ambayo ndo koili, kiboksi cha skrini ndogo na kitabu cha maelezo cha Kichina na Kiingereza cha kuungaunga. Skrubu moja ya plastiki ya kushikia sahani haikuwemo. Muuzaji tulipomwandikia alisoma, tiki mbili za buluu, akanyamaza mpaka leo. Tukafunga na mpira wa tyubu ya baiskeli na inashika vizuri tu, pengine kuliko hiyo skrubu.

Siku ya kwanza ilikuwa Pirates, ufukwe wa umma hapa Mombasa, Jumapili, na aibu yake wallahi bado naisikia. Tumetoka Bombolulu na matatu ya Mtwapa, watoto wote watatu, mimi na leso na chupa ya chai, Baba Salma na fimbo yake kaifunika na gunia kama mtu aliyeiba bomba. Akashuka moja kwa moja mpaka kwenye mchanga wa maji, pale wimbi linapogusa, kwa sababu kwenye video ndiko mzungu alikokuwa. Ikaanza kulia. Yalia tu, mfululizo, kama mtoto wa jino, kila akipeleka kushoto yalia, kulia yalia, tukachimba mashimo kama kumi na hamna hata msumari. Watu washajaa wanatizama, mmoja auliza kama twatafuta bomu, mzee mmoja mwenye ngamia akaja taratibu, "Salama wanangu, mwapotelewa na nini?" Nikamwambia tumepotelewa na elfu kumi na mbili.

Alokuja kutufungua macho ni mdogo wangu, fundi wa redio na TV pale Majengo, watoto wakamwuliza mjomba mbona inadanganya. Akawaambia haidanganyi. Hiyo sahani inarusha sumaku inayobadilikabadilika kwenda chini, ikikuta chuma chochote basi umeme kidogo unazunguka ndani ya hicho chuma, na huo umeme nao unatoa sumaku yake, koili inaisikia, ndo mlio. Haijui pesa wala dhahabu, inajua kitu kinachopitisha umeme basi. Na maji ya chumvi je? Yanapitisha umeme. Kwa hiyo mchanga wote uliolowa maji ya bahari, kwa hii mashine ni kama bati moja kubwa lililolazwa chini. Kuna aina nyingine zinafanya kazi kwa mapigo, na nyingine za masafa mengi kwa pamoja, hizo ndo za mchanga wa maji ila bei yake ni mara kadhaa ya hii yetu. Kwa hivyo nyinyi wenzangu wa pwani mkiona tangazo "inafaa ufukweni", ulizeni ufukwe upi, mkavu au mbichi.

Tangu hapo tumehamia juu, mchanga mkavu, chini ya mivinje, na hapo kila kitu kilibadilika. Fikirini wenyewe, pesa haimpotei mtu kwenye wimbi, inampotea pale anapovua suruali kuvaa ya kuogelea, pale anapolala na simu na chenji mfukoni, pale mbele ya mama wa viazi karai na mabuyu ambapo watoto wanapokezana shilingi na mikono ina mafuta. Hapo tukipita Jumatatu ya likizo au siku ya tatu baada ya Idd hatukosi. Kina chake ni kama kiganja cha mtu mzima, zaidi ya hapo sarafu haisikiki hata uizungumze. Na usiende mbio! Baba Salma alikuwa anaizungusha kama anafyeka nyasi, ananyanyua kila mwisho, sasa sahani ikiwa juu itasikia nini. Inatakiwa iteleze sawa na ardhi, karibu kabisa, polepole, na kila mpito upande juu ya ule wa kwanza kidogo. Mwenye mkono mzuri nyumbani kwetu ni Swaleh wa miaka kumi, mtoto asiyetulia hata msikitini, na hapo anatulia nusu saa nzima, mi mwenyewe nlishangaa.

Sasa suala la vizibo. Mashine ina kitufe cha kuchuja, unaiambia vyuma vya aina ya msumari usinililie. Tukafurahi, tukawasha, kizibo kikaacha kulia mara nyingi. Na shilingi nazo zikapungua. Tukadhani pameisha. Siku moja Salma kachukua sumaku ya spika mbovu ya mjomba wake akaishusha kwenye kopo la sarafu, zile shilingi moja zote zikanyanyuka nayo kama kuku na vifaranga. Kumbe shilingi yetu ya siku hizi ndani ni chuma kilichopakwa nikeli, na kizibo ni chuma, kwa mashine ni ndugu. Wazungu wa video wanachuja chuma kwa sababu sarafu zao nyingi ni za shaba na mchanganyiko wake, mafunzo yao ukiyafuata hapa unajifungia mlango. Sisi twaacha wazi, twachimba kila kitu, na kila anayechimba kizibo anakitia kwenye mfuko, hakirudi mchangani. Mfuko wa kwanza tulipoumwaga kwenye pipa yule mama wa mabuyu alitupa mabuyu ya bure, ile ndo faida ya haraka kuliko zote.

Kazi tumegawana. Swaleh fimbo, Salma wa miaka 13 anachimba na kijiko cha bustani, Idi wa miaka sita ana chekeche langu la unga (nimelisamehe, nimenunua lingine) anapepeta. Idi ndo mwenye raha kushinda wote kwa sababu kitu kinatokea mkononi mwake. Kila sarafu lazima aambiwe ni mnyama gani, twiga shilingi moja, kifaru tano, simba kumi, ndovu ishirini, na ikija ya zamani yenye kichwa cha Moi anauliza huyu ni mnyama gani. Dada yake akamweleza kwa upole kwamba huyo alikuwa rais, na katiba ya 2010 ikakataza sura ya mtu kwenye pesa ndo mana sarafu za 2018 zikaja na wanyama. Akasema afadhali.

Vitu vingine: chubwi za wavuvi, zile risasi za mshipi, tumepata nyingi sana na kuna mvuvi jirani anatununulia kwa bei ya kirafiki. Ndoana pia, kwa hiyo wavisheni watoto glovu, Salma ilimwingia moja kidoleni mwezi wa kwanza tukamaliza siku hospitalini kwa sindano ya pepopunda. Ufunguo wa pikipiki mmoja, kijana kautafuta toka asubuhi anazunguka mvinje ule ule, Swaleh alipita mara mbili ikalia, akachota mchanga mara moja, huu hapa. Alitaka kutupa mia mbili, Baba Salma akakataa akijifanya mkubwa, basi kijana akatukatia madafu matano.

Kasoro za mashine nisizifiche. Jua kali la saa sita skrini haisomeki kabisa, unategemea sauti. Simu ikiwa mfukoni mwa anayeshika mashine inachanganyikiwa, pia chini ya nyaya za stima, na usivae mkanda wa bizimu kubwa. Sahani inavumilia maji ila kiboksi cha juu hakivumilii hata manyunyu, tumekivisha mfuko wa mkate. Uzito si mkubwa ila baada ya dakika ishirini mkono wa mtoto unachoka, na Idi hawezi kabisa. Na zile namba za kwenye skrini ati zinakwambia ni chuma gani, msiziamini, kizibo kilichokunjika kinasoma kama simba wa kumi. Nyota tatu kwa mashine yenyewe. Angekuwa muuzaji ametuletea skrubu yake ningeongeza nusu.

Kitu kimoja nlichokitilia ngumu ni Mji wa Kale. Baba Salma keshasoma habari za meli ya Wareno ilozama mbele ya Fort Jesus 1697, na ile sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba watafiti waloipata kisiwani Manda 2013, ya zama za mfalme Yongle, miaka 600 hivi, na pesa za shaba za 1888 zilizoandikwa Mombasa zenye picha ya mizani, basi akataka tukapige fimbo kando ya ngome usiku. Nikamwambia utakwenda peke yako na utalala ndani peke yako. Kuna sheria ya Makumbusho ya 2006, kuchimbua vitu vya kale kunataka leseni, na ukikutana na kitu cha kale kwa bahati unawapelekea habari, hukitii mfukoni. Wale wa Manda walikuwa wataalamu. Vitu vya ile meli viko ndani ya Fort, tulilipa kiingilio tukawaonyesha watoto kwa macho, inatosha. Sisi ni ufukwe wa umma, na nyumbani kwa mtu tukikaribishwa.

Na nyumbani kwenyewe ndiko tulikopata ile moja ambayo siwezi kuiandika kwenye daftari. Tulikwenda Mtongwe kwa mavyaa, mamake Baba Salma, na kuvuka tu ilikuwa sinema, pale Likoni askari anawapitishia abiria kile kidude chake cha mkono, akafika kwenye gunia letu, kidude chake kikalia, Swaleh akabonyeza na yetu ikalia, zikawa zinajibizana watu wote wanacheka mpaka askari mwenyewe. Tulipofika mavyaa akatuambia chimbeni mtakako ila msiguse muhogo wangu. Chini ya mwembe wa mbele, pale zamani palipokuwa na kibaraza cha udongo, ikatoa mlio mzuri, ule wa juu usiotetereka, siyo kama wa kizibo. Kiganja kizima chini. Kitu kijani kimeota kutu, kina tundu katikati.

Watoto wakasema ni washa ya bomba. Mavyaa akainyosha mkono akaisugua na mchanga na kidole gumba, akatema mate kidogo akasugua tena, zikatoka pembe mbili za ndovu zimezunguka tundu, na 1942. "Hii ni senti kumi," akasema, "tulikuwa twazitunga kwenye uzi, mamangu alikuwa azivaa shingoni akienda sokoni." Akawahadithia watoto vile alivyotumwa kaimati akapoteza moja njiani, akapigwa, akarudishwa akaitafute na mshumaa mpaka isha ikaadhiniwa. Salma akamwuliza bibi, ndo hii? Akamwambia mwanangu nitajuaje, zote zilikuwa na tundu.

Baba Salma akaanza kusema tuisafishe vizuri tuitie kwenye fremu. Mavyaa hata hakumsikiliza, kaichukua akaifunga kwenye pindo la leso yake mafundo mawili. Idi akaanza kulia kwamba ni yeye aliyeipepeta, bibi arudishe. Akamwambia mashine si mnayo, nenda katafute yako.