Google Calendar kwa mfanyakazi wa Nairobi: ni ya bure na inatosha, ila rekebisha mipangilio kwanza

Kabla ya kulipia programu yoyote ya kupanga kazi kwa dola kila mwezi, itumie kwanza Google Calendar mpaka uone mwisho wake. Ipo tangu Aprili 2006, haidai hata shilingi, na simu nyingi za Android zinauzwa ikiwa tayari ndani. Aliyeajiriwa, anayejitegemea kwa kazi za mtandaoni na anayesoma jioni huku akifanya kazi mchana, wote watapata humo karibu kila wanachohitaji. Kasoro zipo, tena mbili zinaudhi kweli, lakini malalamiko mengi dhidi yake hutokana na jinsi ilivyowekwa kwenye simu.

Lalamiko la kwanza ni kwamba haikumbushi. Simu nyingi za bei ya wastani huzima programu zinazofanya kazi kichinichini ili betri idumu, na arifa ya saa mbili asubuhi huonekana saa tatu unapofungua simu kuangalia jambo lingine. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, chagua Calendar, kisha betri, uiruhusu kufanya kazi bila kizuizi. Kwenye Tecno na Infinix ingia pia Phone Master uiruhusu kujiwasha yenyewe. Kama umewasha kibanio cha data (Data Saver) ili bando lisiishe haraka, iondoe Calendar kwenye vizuizi hivyo. Ni maandishi tu, haili data ya maana. Halafu ongeza arifa. Moja ya dakika chache kabla haitoshi. Tukio moja linakubali hadi arifa tano, na kwa usaili wa kazi zinazofaa ni tatu: wiki moja kabla, jioni ya siku iliyotangulia, na muda wa kutoka nyumbani. Arifa za SMS ziliondolewa Januari 2019, kwa hiyo mwenye mulika mwizi, ile simu ndogo isiyo na programu, hana lake hapa.

Jambo la pili la kukagua ni tukio linahifadhiwa wapi. Unapoandika tukio jipya, chini ya kichwa chake huonyeshwa jina la kalenda. Likiwa ni anwani yako ya Gmail, uko salama: simu ikinyakuliwa pale Tom Mboya, unaingia kwa simu nyingine na kila kitu kinarudi. Likiwa ni kalenda ya simu yenyewe, matukio yote yanakwenda na mwizi.

Badilisha pia saa zisomeke kwa mfumo wa saa 24. Wengi wetu tunapanga miadi kwa saa za Kiswahili halafu tunaandika kwa saa za simu, na hapo ndipo saa kumi jioni inapoingia kama 10:00 na mtu anafika ofisi ya watu saa nne asubuhi. Ukiona 16:00 unajua ni jioni.

Sasa kasoro ya kwanza kati ya zile mbili, ambayo kwa Nairobi ni kubwa: haihesabu foleni. Ukijaza mahali, inakufungulia Google Maps, basi. Haikati muda wa safari kwenye siku yako, na mwenzako anayetafuta nafasi ya mkutano anaona saa yako moja iko wazi ilhali utakuwa umekwama Mombasa Road. Dawa ni kuandika safari kama tukio linalojitegemea. Chukua mkutano wa saa nne asubuhi Upper Hill kwa anayetoka Rongai. Fungua Maps, weka muda wa kufika badala ya kuacha "sasa hivi", nayo itakupa makadirio mawili, ya chini na ya juu. Shika la juu. Ongeza muda wa matatu kujaa stejini, mwendo wa miguu kutoka utakaposhukia, na dakika 10 hadi 15 za kuandikisha kitambulisho getini na kungoja lifti. Jumla hiyo ndiyo urefu wa tukio la "Safari". Msimu wa mvua, Aprili na Novemba hasa, ongeza nusu saa bila kubishana na nafsi yako. Aliye na gari na yuko tayari kulipia Expressway, ile barabara ya juu, atapunguza sehemu ya kati tu, kwa sababu foleni ya kuingia mjini baada ya kutoka juu iko palepale.

Anayefanyia kazi wateja wa ng'ambo ana mtego mwingine. Kenya haibadilishi saa, ila Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Mkutano wa saa 9:00 London ni saa 12:00 Nairobi wakati wa baridi yao, na 11:00 wakati wa kiangazi chao. Ukiuandika wewe kwa saa za Nairobi, utabaki 12:00 mwaka mzima upande wako, na mteja ataanza kuuona saa 10:00 bila kujua kwa nini. Muache yeye atume mwaliko, au ukiuandika wewe, gusa saa za eneo kwenye tukio uchague London. Kwenye kompyuta unaweza kuonyesha safu ya pili ya saa pembeni ya zile za Nairobi. Wiki mbili au tatu za Machi ambapo Marekani imeshabadilisha na Uingereza bado, usitegemee hesabu ya kichwani: New York iko nyuma yetu kwa saa 7 badala ya 8, London bado 3.

Kutenga saa za kazi na masomo ndiko programu hii inakofanya vizuri zaidi. Chukua karani wa hesabu wa Industrial Area anayesomea mitihani ya uhasibu ya CPA jioni mjini. Darasa analiweka mara moja kwa chaguo la kurudia: siku anazozitaka, halafu tarehe ya mwisho iwe siku ya mtihani. Asiiache ikirudia milele. Kalenda iliyojaa matukio yaliyokufa huzoesha jicho kuruka kila kitu, pamoja na yale yaliyo hai. Saa za kujisomea aziweke mbali na za darasa, kwa rangi nyingine, dakika 90 kila moja, na kila moja ibebe jina la sura au mada. Tukio linaloitwa "Kusoma" ni rahisi mno kuahirisha. Na theluthi moja ya siku ya kazi ibaki tupu. Bosi atapiga simu, mfumo utagoma, stima itapotea, na mpango usio na nafasi huvunjika kabla ya chakula cha mchana.

Ukibadilisha tukio linalojirudia, programu inauliza: hili tu, hili na yanayofuata, au yote. Chagua "yote" na hata ya miezi iliyopita hubadilika, na rekodi yako ya ulichofanya inaharibika. "Hili na yanayofuata" ndilo jibu sahihi karibu kila mara.

Rekodi hiyo ina faida ambayo wachache huifikiria. Tathmini ya utendaji ikifika, wafanyakazi wengi hukaa wakijikuna kichwa wakijaribu kukumbuka walichofanya tangu Januari. Ukimaliza kazi, fungua tukio lake uongeze mstari mmoja kwenye maelezo: kilichotoka, kwa kiasi gani, nani alihusika. "Kikao na wasambazaji: bei ya katoni imeshuka kutoka 140 hadi 126, mkataba wa miezi 12." Mwisho wa mwaka, kwenye kompyuta, fungua kisanduku cha kutafuta, weka neno, jina la mtu na tarehe ya kuanzia na kuishia. Kwa nusu saa una orodha ya mambo yenye namba na tarehe, na mazungumzo ya nyongeza ya mshahara yanaanza mahali pengine kabisa. Siri za kampuni usiziandike kwenye kalenda yako binafsi, na kalenda uliyomshirikisha mtu iweke aone tu kama una nafasi au huna, bila maelezo.

Kasoro ya pili ni sehemu ya kazi za kufanya, Tasks, ambayo mwaka 2023 ilimeza vile vikumbusho vya zamani. Ni dhaifu. Hakuna ngazi za umuhimu isipokuwa nyota, na orodha huwezi kushirikiana na mtu. Kazi zilizopita muda hurundikana juu ya siku ya leo, na baada ya wiki mbili huzioni tena. Mwenye mradi wa watu wanne atafute chombo kingine. Kwa jambo la mtu mmoja lenye hatua zinazojulikana, inatosha.

Mfano mzuri ni nyaraka za Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu, ambazo anayeomba kazi serikalini huombwa: za KRA (kodi), HELB (mkopo wa elimu ya juu), DCI (polisi wa upelelezi), EACC (maadili na rushwa) na CRB (rekodi ya mikopo). Wengi huanza kuzitafuta tangazo la kazi likishatoka, wakati muda umebaki wiki mbili. Cheti cha tabia njema cha DCI peke yake kina hatua zake: kuomba na kulipa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuchapisha fomu C24 pande zote mbili za karatasi moja ya A4 (ukileta karatasi mbili unarudishwa), kwenda kuchukuliwa alama za vidole Huduma Centre au makao makuu ya DCI Kiambu Road, kisha kungoja. Cheti cha KRA cha kutimiza kodi hudumu mwaka mmoja, kwa hiyo siku unapokipata, weka tukio miezi 11 mbele. Ritani za kodi nazo hufungwa Juni 30, na faini ya chini kwa mtu binafsi aliyechelewa ni shilingi 2,000. Tukio la ritani liwe la kurudia kila mwaka, Juni 1. Anayengoja siku za mwisho hukuta iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, imelemewa na foleni cyber imefika barabarani.

Kuna la usalama. Matapeli wameshajua kwamba mwaliko wa kalenda hupita pale barua pepe inapotiliwa shaka, na kwa watafuta kazi huja kama "usaili" wenye kiungo, pengine na ada ya usajili. Kwenye kompyuta, ingia mipangilio ya matukio uchague mialiko iongezwe tu ikitoka kwa mtu unayemjua, au baada ya wewe kuijibu. Mwajiri wa kweli hatakosa kukupata kwa sababu hiyo. Mwaliko wake utauona kwenye barua pepe.

Wanaojitegemea, kama walimu wa tuisheni, wabunifu na washauri, wana ukurasa wa miadi: unafungua saa zako, unatuma kiungo kwa WhatsApp, mteja anachagua mwenyewe. Akaunti ya bure hupewa ukurasa mmoja, na kwa wengi unatosha. Malipo ya ndani ya ukurasa yasikushawishi kuhamia akaunti ya kulipia, kwani hupitia Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni ambayo haijafungua huduma Kenya. Andika namba yako ya till ya M-Pesa kwenye maelezo, useme miadi inathibitishwa baada ya malipo.

La mwisho ni kwa anayekaribia kuhama kazi. Kama kampuni ilikupa akaunti ya Google, kalenda yake ni mali yao na hufungwa pamoja na barua pepe, mara nyingi siku ileile unayorudisha kompyuta. Soma kwanza sera ya kampuni. Ikiruhusu, ingia kwa kompyuta, mipangilio, kisha sehemu ya kuingiza na kutoa. Utapata faili la zip lenye mafaili ya .ics, yaani ya kalenda, ndani. Simu haina chaguo hilo. Lifungue zip kwanza, uingize .ics moja moja kwenye kalenda mpya uliyoitengenezea kando ndani ya akaunti yako binafsi, ili ukikuta yamekuja na takataka za miaka mitatu uweze kuifuta yote bila kugusa ya kwako.